Kava la gazeti: siku tano na Mama

Siku ya 1, Ijumaa. Miritini hadi Syokimau

Mama ana miaka 74 na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Mwezi uliopita, akichambua mbaazi kwa vidole maana kwa macho hawezi tena, aliniambia anataka kwenda Nairobi kabla giza halijaingia kabisa. Nikamweleza kwamba mtoto wa jicho hutolewa, na pesa tumeshaanza kuweka kando. "Mtanitoa," akasema, "lakini nataka kwenda na macho haya haya yaliyoona." Tulihama Nairobi mwaka 1996. Hajarudi tangu hapo, hata kwa harusi.

Kijana wangu anafanya kibarua kwenye ghala moja Industrial Area, anaishi Umoja, na Jumatatu alitakiwa kwenda Nyayo House kuchukua pasipoti. Nikaona basi safari imejipanga yenyewe.

Tulitoka Changamwe alfajiri. Mama hazioni winchi za Kilindini, ila alijua tulipofika pale zinapoonekana. "Hapo alipobeba babu yako," akasema. Babu alishuka kutoka Taita akawa kuli bandarini, na Januari 1947 alikuwa mmoja wa wafanyakazi wapatao 15,000 waliogoma Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja. Walikuwa wakikutana uwanja wa Kiembeni. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa baadaye mwaka huo akapelekwa kizuizini Baringo. Baba alipotusimulia mgomo huo alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayesimulia mvua za zamani. Yake mwenyewe hakuyasimulia.

Pale Miritini, kwenye kituo cha treni, abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, kisha husimama kando mbwa wakapita wakinusa. Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana.

"Wanatafuta nini?"

"Silaha, Mama. Na dawa za kulevya."

"Karatasi hawatafuti?"

"Karatasi hawatafuti."

Hakuniachia mpaka mbwa walipoondolewa.

Tulichukua treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati. Njia ni kama kilomita 470. Reli ya zamani unaiona mara kwa mara pembeni, nyembamba, imemezwa na majani. Kwa reli hiyo ndiyo tuliyosafiri utotoni, daraja la tatu, usiku kucha, tumelaliana mabegani. Mama aliniomba nimwambie tukikaribia Manyani. Nikamwambia. Akageuzia uso dirishani ingawa hakuna alichokiona zaidi ya mwangaza. Manyani ilikuwa kambi ya Waingereza, waliwafungia humo maelfu ya watu kwa tuhuma za Mau Mau miaka ya 1950. Uhuru ulipokuja kambi haikuvunjwa, ikawa gereza la Jamhuri. Sheria nazo zilirithiwa vivyo hivyo. Sheria ya uchochezi iliyomwandama mwananchi chini ya mkoloni ndiyo iliyomfunga mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, miaka 3 kuanzia 1969, kwa waraka uliouliza Kenya inaenda wapi.

Mama anasema Baba alianzia hapo. Alikuwa kijana wa miaka 24, anajifunza kazi ya uchapaji Mombasa, na habari za hukumu ile zilimwingia zikakaa. "Alisema, kama karatasi moja inaweza kufunga mtu miaka 3, basi karatasi ina nguvu kuliko nilivyodhani." Hili sikuwa nimelisikia kamwe. Nilikaa na Baba mpaka alipofariki mwaka 2001, na hili sikulisikia.

Kijana alitupokea kituo cha Syokimau, akamkumbatia nyanya yake, akambeba mkoba. Umoja tulifika magharibi.

Siku ya 2, Jumamosi. Kaloleni

Matatu ya Jogoo Road, kisha tukatembea polepole. Mama alikataa kushikwa mkono mara tu tulipoingia mtaani. Miguu ilikuwa inajua.

Kaloleni ilijengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitumika katika ujenzi. Nyumba ni za mawe, fupi, paa la vigae, zimelizunguka jumba la mikutano katikati. Sasa karibu kila nyumba imeongezewa vyumba vya mabati ubavuni, lakini miti ipo na nafasi ya watoto kucheza ipo. Katika jumba lile, tarehe 23 Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama akataka uhuru kamili kwa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na kiongozi mwenzake Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Nilikua hatua chache kutoka kwenye jumba hilo na sikufundishwa neno moja kuhusu jambo hilo. Kwetu sisi watoto pale palikuwa mahali ambapo vijana wa KANU, chama tawala, walisimama wakidai kadi za chama. Bila kadi usingepita sokoni, na mahali pengine usingepanda hata basi. Baba alinunua kadi yake na ya Mama kila mwaka, akazifunga ndani ya nailoni. Alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mpangaji wa sasa wa nyumba yetu ya zamani, mama mmoja wa makamo, alitusikiliza mlangoni kisha akatufungulia na kuteleka chai. Mungu ambariki. Mama alipapasa ukuta kuanzia mlangoni hadi dirishani, akasimama, akaweka kiganja. "Meza ilikuwa hapa," akasema. "Na daftari zako zilikuwa hapa."

Haya ndiyo aliyoyasema, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mtu, kikombe mkononi.

Baba alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kuzichukua herufi za madini ya risasi mojamoja na kuzipanga kinyumenyume kwenye chuma, ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Hilo nilikuwa nalijua, maana alinifundisha kusoma maneno kutoka kulia kwenda kushoto, tukicheka. Juni 1982 Bunge lilibadilisha Katiba, KANU kikawa chama pekee kisheria. Agosti mosi wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza mapinduzi redioni, na kufikia jioni jaribio lilikuwa limekwisha. Baada ya hapo nchi ilifungwa kama chungu. Chama cha wafanyakazi wa serikali na kile cha wahadhiri vilikuwa vimeshapigwa marufuku tangu 1980. Mtu wa kawaida asiyeridhika na mshahara, na kodi, na mwanawe kukosa kazi, angesemea wapi? Ndipo karatasi za siri zikaanza kutembea, na kufikia 1986 neno Mwakenya, jina la harakati ya siri ya kuipinga serikali, lilikuwa kwenye kila mdomo, kwa kunong'ona. Zile za Baba hazikuchapwa kiwandani. Zilitoka usiku, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, nyumbani kwa mtu ambaye Mama hakutaka kumtaja hata leo.

Mama aliuza mahamri alfajiri kando ya Jogoo Road kwa watu wanaotembea kwenda Industrial Area ili kuokoa nauli. Aliyafunga kwenye gazeti. Wateja wachache, watano au sita, waliomba "ya jana". Mahamri ya jana nani anayataka? Hao ndio waliofungiwa karatasi ndani.

Hayo niliwahi kuyahisi. Lililofuata sikulijua.

"Na zile za mwalimu," Mama akasema, "ulizipeleka wewe."

Nilikuwa darasa la tano. Kila Jumapili jioni Mama aliniwekea kava la gazeti kwenye daftari la hesabu, akilikunja kwa ukucha mpaka pembe zikakaa kama za duka. Kila Jumatatu mwalimu wa hesabu alikusanya daftari, na langu alilirudisha na kava jipya, amelifunika mwenyewe. Niliamini ananipenda kwa sababu mimi ni msafi. Nilijivuna. Namkumbuka akilipokea: alipitisha kidole gumba chini ya kava, kutoka juu kwenda chini, kama anayeifuta vumbi. Miaka karibu 40 nimekihifadhi kidole hicho kama alama ya mtu aliyenithamini utotoni.

"Ningeshikwa je?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakufuata. Nasimama kwenye kona mpaka uingie getini. Kila Jumatatu."

"Ningeshikwa je, Mama?"

Akanyamaza. Yule mama mpangaji akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuhitaji kuangaliwa.

Kisha Mama akasimulia usiku wenyewe. Sehemu yake naikumbuka: wanaume wanne, wawili wamevaa suti, godoro limechanwa, pamba sakafuni. Walichukua redio na kamusi. Mmoja wao alisogea mezani, akafungua daftari langu la hesabu, akalitazama ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Hesabu zako ni nzuri." Nikamjibu, "Asante, mzee." Nilikuwa na miaka 11.

"Ilikuwa Jumapili," Mama akasema.

Sikuelewa mara moja. Ilikuwa Jumapili usiku, na daftari lilikuwa limeshafunikwa tayari kwa Jumatatu. Yule mtu alikuwa ameishika karatasi mkononi, imetenganishwa na kidole chake na tabaka moja la gazeti.

Wakamchukua Baba. Alfajiri Mama akalichana kava, akaichoma ile karatasi kwenye jiko la mahamri, akanituma shuleni na daftari tupu, lisilo na kava. Nakumbuka aibu niliyoona, kwa sababu mwalimu alikuwa mkali juu ya daftari zisizofunikwa. Alilipokea langu, akalitazama juu na chini, akalirudisha bila kusema kitu. Akatupa hesabu kumi za kugawanya. Baada ya mapumziko hakuonekana tena darasani, wala siku hiyo wala nyingine. Tuliambiwa amehamishwa. Mama anasema alivuka kwenda Tanzania, na baada ya miezi mingi ilikuja barua moja kutoka Arusha isiyo na jina, ina mstari mmoja wa kuuliza hali ya mtoto.

"Lile daftari tupu," Mama akasema, "ndilo lililokuwa barua yako kwake."

Usiku, Umoja. Siwezi kulala. Nimekasirika, na ninapoandika haya hasira haijaisha. Mtoto wa miaka 11 hakuulizwa. Mimi nisingemfanyia mwanangu hivyo, na najua kwamba nayasema haya nikiwa na kitanda, mlango, na kura yangu.

Siku ya 3, Jumapili. All Saints na pembe ya Uhuru Park

Asubuhi tuliongea machache. Mama aliomba ibada ya All Saints Cathedral, tukaenda sote watatu. Baada ya ibada akataka aoneshwe upande wa chini ya kanisa. Tulisimama nje tu, akaweka mkono kwenye jiwe.

Hapo chini walilala akina mama wa wafungwa wa kisiasa kwa karibu mwaka mzima. Tarehe 28 Februari 1992 walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu na orodha ya wafungwa 52, wakidai wana wao waachiliwe. Kifungu kilichofanya KANU chama pekee kilikuwa kimeondolewa katika Katiba Desemba 1991, vyama vingi vimekubaliwa, sasa kwa nini aliyefungwa kwa kudai vyama vingi aendelee kufungwa? Walikuwa vikongwe wengine wao, wakulima, wachuuzi, wanawake wa leso na viatu vya mpira. Monica Wamwere, mama yake mwanasiasa Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, alikuwa miongoni mwao. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alikuwa nao. Wakakaa pembe ya Uhuru Park kungoja, wakakataa kula.

Kutoka kanisani hadi pembe ile si mbali. Tulipofika Mama alituomba tumwelekeze uso upande wa barabara. Ng'ambo ya makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway ndipo Nyayo House ilipo. Nimepita hapo mara nyingi na sikuwahi kuunganisha hayo mawili: akina mama wale walikaa mahali ambapo jumba lile liliwatazama, nao wakalitazama.

Baba wakati huo alikuwa ametoka zamani. Alihukumiwa miezi 15 kwa kupatikana na karatasi ya uchochezi. Kesi nyingi za miaka ile zilisikizwa jioni, ofisi zikikaribia kufungwa, bila wakili, mshtakiwa amekubali kosa. Yake ilikuwa hivyo. Alirudi 1987, kazi hana, na hakunisomea tena neno kinyumenyume. Mwaka huo huo Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alikufa kutokana na mateso akiwa mikononi mwa polisi, na watu walioachiliwa wakawa wanashukuru kimya kimya kwamba wao wanatembea. Mwaka 1988 tulipiga kura ya mlolongo, watu wanapanga mstari nyuma ya picha ya mgombea, na mahali pengine mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Mama alihesabu vichwa siku hiyo. Anasema namba bado anayo.

Basi 1992 Baba hakwenda Uhuru Park. Mama ndiye aliyekwenda. Sisi tulijua anakwenda sokoni.

Alikwenda na chupa ya maji na blanketi siku ya pili, na siku ya tatu, na tarehe 3 Machi alikuwepo polisi walipoingia na virungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akazirai. Hapo ndipo baadhi ya akina mama wale walipovua nguo zao mbele ya askari. Mama alikuwa karibu na mmoja wao, bibi mkubwa kuliko mama yake mzazi. Aliivua leso yake begani akakimbia kumfunika. Yule bibi aliisukuma leso kwa kiganja. Mama akaitia tena mabegani mwake. Akaisukuma tena, ikaanguka kwenye majani, na askari aliyekuwa mbele yao akageuza uso.

Kijana wangu alikuwa amekaa kwenye nyasi akisikiliza. Akauliza, kwa adabu, kama Nyanya hakuona haya.

"Mficha uchi hazai," Mama akamjibu. Akamwacha alitafakari.

Baadaye kijana naye akatoa lake. Tarehe 25 Juni 2024 alikuwa hapa hapa Kenyatta Avenue, na bendera, pamoja na vijana wenzake waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha. Siku hiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na watu waliuawa kwa risasi. Mimi aliniambia yuko kazini. Mama akamuuliza maswali kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake. Mlikuwa mkikutana wapi? Kwenye simu. Simu haisikizwi? Inasikizwa. Na baada ya maandamano, waliokuwa wakichukua watu, walivaa sare? Hawakuvaa. Magari yao?

"Hayana alama yoyote, Nyanya."

Mama alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono ukatafuta kichwa cha mjukuu wake, akakipata, akauacha mkono hapo. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya watu wawili walionificha mambo makubwa kwa sababu ile ile, kwamba nisiogope.

Akina mama wale, baada ya kupigwa, walikimbilia kanisani wakakaa humo, wamezingirwa, wakila na kulala chini ya sakafu ya ibada. Wengi wa wana wao waliachiliwa mwaka huo wa 1992 na mwanzoni mwa 1993. Mama aliwapelekea mahamri. Safari hii gazeti lilikuwa gazeti tu.

Siku ya 4, Jumatatu. Nyayo House

Foleni ya pasipoti ilianza kabla hatujafika. Watu na bahasha zao, watoto mgongoni, vijana wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi. Hii ndiyo kazi ya jumba hili kwa Wakenya wengi leo, na ni haki yao wasijue lingine wanapokuja kuchukua kitabu cha safari.

Mama alikataa kuvuka barabara. Nikabaki naye ng'ambo, kijana akaenda peke yake.

Yanayojulikana ni haya. Katika miaka ya 1980 watu waliodhaniwa ni wa Mwakenya waliletwa hapa wamefungwa macho. Baadhi walizungushwa kwanza ndani ya gari mjini ili wasijue wako wapi. Chini ya jumba kulikuwa na seli za giza. Walionusurika wametoa ushahidi kwamba walimwagiwa maji wakaachwa wasimame ndani yake kwa siku kadhaa, kisha wakapandishwa kwa lifti ghorofa za juu kuhojiwa, uchi, na kupigwa. Juu ya vichwa vyao na chini ya miguu ya wahoji, ofisi za kawaida ziliendelea na kazi. Mwaka 2003, baada ya KANU kushindwa uchaguzi, seli zilifunguliwa watu wakaziona. Kuanzia 2010 Mahakama Kuu imewapa fidia baadhi ya walionusurika.

Kama Baba aliletwa hapa, sijui. Alikaa wiki 3 mahali fulani kabla ya kufikishwa mahakamani. Mama alimuuliza mara moja, akamwambia alikuwa amefungwa macho, na asimuulize tena. Sitamsemea.

Nilipokuwa mtoto, neno nyayo halikutamkwa nyumbani kwetu. Redio ilisema fuata nyayo, kaulimbiu ya Rais Moi, kulikuwa na maziwa ya nyayo, mabasi ya nyayo, na wimbo wa nyayo shuleni. Rais alishasema mwaka 1984 kwamba anataka mawaziri wake waimbe kama kasuku, kama yeye alivyouimba wimbo wa Kenyatta. Mama alipoona matope sakafuni alisema, "Nani kaacha alama za miguu hapa?" Siku zote alama za miguu. Nilifika sekondari ndipo nikagundua kwamba nyayo ni neno la kawaida, ni wingi wa unyayo, kitu alicho nacho hata mtoto mchanga. Nilimkumbusha hilo tukiwa tumesimama pale, akashangaa kwamba niliwahi kulitambua.

"Nilikuwa nahofia ulimi wako uzoee," akasema. Kisha, bila kuulizwa: "Ningeshika ile karatasi mwenyewe kuipeleka shuleni, wangeniona. Mchuuzi anatafuta nini kwa mwalimu kila wiki? Mtoto na daftari hakuna anayemwona." Akapangusa macho, ambayo hutoa machozi yenyewe siku hizi, kwa hiyo sikujua. "Nilijua ninachofanya. Usidhani sikujua. Kila Jumatatu nilijua."

Hakuniomba msamaha, nami sikumwambia nimemsamehe. Nilimshika mkono juu ya kiwiko, kama alivyonishika Miritini, tukasimama hivyo mpaka kijana alipotokea upande wa pili akipunga pasipoti.

Siku ya 5, Jumanne. Syokimau hadi Miritini

Treni ilijaa. Kijana alikuja kutusindikiza, akatununulia maji na gazeti, ingawa mimi tayari nilikuwa nalisoma kwenye simu. Mbwa walipita. Mama safari hii alisimama peke yake, mikono imekunjwa.

Baada ya Emali aliniuliza naandika nini siku zote hizi. Nikamwambia: haya. Tangu Ijumaa nimekuwa nikiandika kwenye daftari la shilingi hamsini nililolinunua Changamwe, na limeshaanza kuchakaa pembe. Akalitaka. Nikadhani anataka nimsomee. Akanyoosha mkono mwingine akaomba gazeti.

Akalitandaza mapajani. Alilipima daftari kwa shubiri, akakunja juu, akakunja chini, akapitisha ukucha kwenye kila mkunjo mpaka ukalala. Hakuangalia, na asingeona hata angeangalia. Abiria wa mbele yetu, msichana wa chuo labda, aliacha simu yake akamtazama. Mama alichomeka jalada la kwanza, kisha la pili, akabana pembe kwa vidole viwili, akanirudishia.

Pembe zilikuwa kama za duka.

Nikapitisha kidole gumba chini ya kava, kutoka juu kwenda chini.

"Safari hii hamna kitu," Mama akasema.